Umi na Halbadiri ya Likwata

Umi alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Zilibaki siku sita tu kabla ya uchaguzi wa diwani pale Sudi.

Likwata alipiga hodi. Alikuwa mpiga kampeni wa Idd, aliyegombea dhidi ya Dativa, na kwa maneno hakuwa na mpinzani.

"Shemeji, nasikia unamsifu Dativa."

"Simsifu bure. Ndiye aliyehangaika mpaka shule ikapata kisima."

"Dativa Mkristo! Idd ni Muislamu mwenzetu. Atakayemnyima kura atasomewa Halbadiri. Nawe una tumbo hilo. Haya, shauri yako!"

Akaenda zake. Umi aliingiwa na hofu kubwa. Tangu utotoni alisikia kwamba anayesomewa kisomo hicho hudhurika. Kila mtoto alipotulia kidogo tumboni, Umi aliacha kazi, akasubiri acheze. Chakula kilimshinda.

Mumewe, Hussen, alipoambiwa alisema, "Mpe Idd, yaishe." Naye aliogopa, ila hakutaka kusema.

Siku ya tatu Umi alikwenda kwa jirani, Bi Mboni. Huyu ni mwalimu mstaafu. Amesimamia vituo vya kupigia kura mara nne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo, mwanangu?"

Umi alimweleza yote huku analia.

"Futa machozi kwanza. Halbadiri husomewa mwizi au dhalimu. Wewe umemwibia nani?"

"Sijamwibia mtu."

"Basi! Nami maneno hayo yalinifikia, nikamuuliza Sheikhe Abdulrahmani wa msikiti wetu. Kasema hakumtuma mtu. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni msikitini, na kanisani vilevile. Kila mtu ana uhuru wa dini yake, lakini serikali haina dini. Kwani diwani atatuswalisha?"

Umi alitabasamu kidogo. "Hapana."

"Kazi yake ni kufuatilia maji, barabara, zahanati. Mpime kwa hayo. Ukiona Idd anafaa, mpe. Ukiona Dativa anafaa, mpe."

"Likwata akijua je?"

"Atajulia wapi? Karatasi ya kura haiandikwi jina lako. Unaweka alama peke yako, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Hata Hussen haruhusiwi kuchungulia. Na kumtisha mtu kwa ajili ya kura ni kosa."

Siku ya uchaguzi wajawazito walipishwa mbele. Umi aliingia. Alimpigia Dativa, akatoka na jasho jingi. Msidhani hofu iliisha siku hiyo. Aliendelea kushika tumbo kila saa. Siku ya kumi baada ya uchaguzi akajifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu.

Idd alikuwa ameshinda. Siku ya akika ya mtoto, Likwata alikuja kula pilau, furaha tele.

"Unaona, shemeji? Umenisikiliza, na mtoto kazaliwa salama."

Umi angeweza kunyamaza, maana kura ni siri ya mtu. Lakini aliyakumbuka mateso ya siku zile, akakasirika.

"Sikukusikiliza, shemeji. Nilimpa niliyemtaka. Haya, mshike umwangalie."

Likwata aliisogeza kando sahani ya pilau. Alinawa mikono, akampokea mtoto. Akamkagua vidole vya mikono, kisha vya miguu, kimoja kimoja. Vilikuwa ishirini, vyote vizima.