Jeki Iliyotoweka Chini ya Boriti

Saa nane na robo mchana, Jumamosi, Mama Stoo alifungua mlango wa gereji ya nyumbani kwake akakuta nafasi tupu. Jeki ndefu ya chuma iliyoshikilia boriti katikati ya dari haikuwepo. Saa moja asubuhi, akitoka kwenda kazini, ilikuwepo. Aliigusa kwa mkono wake mwenyewe. Sasa boriti ilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha, na juu yake kulikuwa na chumba kipya ambacho baba yake mzazi alikuwa ahamie kesho.

"Makubwa haya!" alisema, akarudi haraka mpaka mlangoni.

Walimwita Mama Stoo kwa sababu alitunza stoo ya hospitali miaka kumi na sita bila kupotelewa hata na bandeji. Lakini leo kichwa kilimzunguka. Mtu gani mwenye akili timamu anachukua kitu kilichobeba nyumba?

Mwezi mzima wimbo wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu. Mhandisi alisema wajenge nguzo pale katikati. Mumewe, dereva wa gari la mikate, akasema nguzo ikikaa hapo gari halitaingia tena, nalo likilala barabarani vibaka watalimaliza. Kioo cha pembeni kilishang'olewa. Yeye Mama Stoo akasema heri kioo kuliko roho ya baba yake. Wakati wanabishana, fundi akaweka jeki yake ishikilie kwa muda.

Akiwa mlangoni alikagua kwa macho. Sakafu haikuwa na mburuzo wowote. Pini ya jeki, ile inayoizuia isishuke, ilining'inia kwenye msumari ukutani, imefutwa vizuri kwa mafuta. Na kulikuwa na kioja: uzi umefungwa kwenye boriti, mwisho wake nati, nati yenyewe ikigusa sakafu kwa shida. Kando yake ndoo imepinduliwa. Uzi na nati? Alikuna kichwa, asielewe kitu.

Alianza na mumewe, aliyerudi saa nne kutoka kwenye mikate akalala moja kwa moja.

"Umeitoa jeki, bwana we?"

"Jeki ipi?" Mume alikaa kitandani, macho mekundu. "Yaani unaniona mimi muuaji?"

"Wewe ndiye usiyeitaka nguzo."

"Chungulia dirishani. Gari liko wapi?"

Alichungulia. Liko barabarani.

"Ningeitoa mimi, saa hizi gari lingekuwa ndani, tena nimelifungia kufuli mbili."

Alichukua simu. Akampigia fundi, ambaye saa tano alipita kuchukua ngazi yake uani.

"Fundi, umebeba na jeki?"

"Mama, nimebeba ngazi tu. Pini iko wapi?"

"Iko huku, kwenye msumari."

"Sasa jeki bila pini nitaifanyia nini, nikaanikie nguo? Usiingie humo ndani!"

Mama Stoo alikata simu akiwa amechanganyikiwa zaidi. Mume hakuitoa, fundi hakuitoa, na mwizi hafuti pini kwa mafuta akaitundika. Aliyefanya hivyo ni mtu aliyezoea kutunza vifaa vya watu.

Baba yake alifanya kazi ya umakanika miaka arobaini.

Alimkuta sebuleni, kwenye kochi alilolalia tangu ahamie kwao, kikombe cha chai mkononi.

"Baba, ule uzi wenye nati ni wa nini?"

"Uzi gani, mwanangu?"

"Baba!"

Mzee alitazama chai yake. "Gari ukilishusha kwenye jeki, unasubiri uone kama linakaa lenyewe. Nilitaka kuona kama boriti inakaa. Niliacha uwazi wa unene wa kadi chini ya nati. Isipogusa sakafu, basi nguzo haina kazi."

"Boriti siyo gari, Baba!"

"Nimeshajua. Saa sita nati ikagusa. Nikajaribu kuirudisha jeki, mikono ikakataa kuikaza. Nikaona haya, nikaificha nyuma ya tangi la maji uani."

"Muda wote huo ulikuwa wapi?"

"Nimekaa pale pale kwenye ndoo. Nati ni ndogo, macho yangu hayaoni mbali."

Mama Stoo alipiga kelele. Alilia, alifoka, alimshika baba yake mabega kama anayehakikisha hajavunjika. "Ungefia humo! Kwa nini lakini?"

"Kila siku nawasikia. Nguzo, gari, nguzo, gari. Mlikuwa mnapendana kabla sijaja. Nikasema nikithibitisha nguzo haihitajiki, mkwe wangu apate pa kuweka gari lake, nanyi mpumzike."

Mume alikuwa amesimama mlangoni, hajulikani tangu saa ngapi. Alitoa simu.

"Fundi? Njoo na jeki mbili sasa hivi. Jumatatu tunachimba msingi wa nguzo. Ndiyo, katikati, pale pale alipoonyesha mhandisi."

"Na gari, mkwe wangu?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Gari litalala nje, mzee. Wewe utalala ndani."

Mzee aliweka kikombe chini. Alifuta macho kwa kiganja, akakohoa, kisha akauliza kitanda chake kitapandishwa juu lini.