Nani Anakata Vifungo?

"Nyumba yangu ina milango sita. Kila mlango una mlinzi, na kila mlinzi ana macho manne. Nyumba gani hiyo?"

Babu alitega kitendawili hicho asubuhi na mapema, akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakuna aliyemjibu. Mjukuu wake, msichana wa darasa la tatu, alikuwa anatafuta soksi ya pili. Binti yake alikuwa anakunywa chai amesimama, mkoba begani.

"Basi nipeni mji," alisema Babu.

"Jioni, Baba," alijibu binti yake. "Chakula nimekifunika mezani. Usishike kitu. Wewe pumzika tu."

Mlango ukafungwa. Viatu vikashuka ngazi mbiombio, ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza. Halafu kimya.

Babu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na mmoja. Mke wake alipofariki, binti yake alimleta mjini wakae pamoja. Binti huyo ni karani wa posta, na anampenda sana baba yake. Ndiyo maana alimkataza kufagia. Alimkataza kuosha vyombo. Alimkataza kushuka ngazi peke yake. Hata cherehani aliifunika kwa kitambaa kizuri, akaweka maua juu yake.

Pumzika asubuhi, pumzika mchana, pumzika jioni. Sasa mtu akipumzika kutwa nzima, usiku apumzike nini tena? Babu akawa hapati usingizi. Chakula akawa anakionja tu.

Siku moja mjukuu alirudi kutoka shuleni shati limefunguka kifuani.

"Mama, kifungo kimedondoka!"

"Lete hapa," alisema Babu. Aliinuka haraka kuliko siku zote. Akatoa sindano yake, akashona. Jioni hiyo alimaliza sahani nzima.

Kesho yake kikadondoka kifungo kingine. Keshokutwa vikadondoka viwili.

"Nguo za siku hizi!" alisema Babu, akitikisa kichwa. "Uzi wenyewe kama wa buibui."

Alhamisi, binti yake alikuwa anafagia sebuleni. Akainua mto wa kiti cha Babu. Chini yake akakuta wembe, na shati la shule la kesho. Nyuzi za vifungo zilikuwa zimekatwa nusu. Kumbe ni Baba mwenyewe! Anakata vifungo, halafu anashangaa vikidondoka!

Akaingia chumbani, akampigia kaka yake simu.

"Akili za Baba zimeanza kumtoka," alisema huku analia. "Mwisho wa mwezi njoo umchukue. Huko kwako kuna watu nyumbani kutwa. Mimi nitamwachaje peke yake na wembe?"

Kuta za nyumba ile ni nyembamba. Babu alisikia kila neno. Aligeuza kiti, akatazama dirishani.

Jumamosi binti alishuka kwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Jirani huyo ni mhudumu wa afya wa mtaa. Watu wanamwita Mama Daftari, kwa sababu hata akienda kununua chumvi, daftari liko kwapani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha wakapanda juu pamoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kunipima akili?"

"Nimekuja kunywa chai. Akili tutapima ikibaki nafasi."

Babu akacheka kidogo. Mama Daftari akamuuliza leo ni siku gani, mjukuu yuko darasa la ngapi, na jana alikula nini. Babu akajibu yote.

"Na wewe," akaongeza, "pindo la gauni lako limeshuka upande wa kushoto."

Mama Daftari akainama kutazama. Kweli, limeshuka!

"Haya, kitendawili," alisema Babu. Akarudia kile cha nyumba yenye milango sita.

Mama Daftari alifikiri, akahesabu kwa vidole. "Shati! Milango ni matundu, walinzi ni vifungo."

"Hongera! Miezi mitano nazitegea kuta."

"Na mimi nakutega. Kuna mlinzi anafukuzwa kazi asubuhi, jioni anaajiriwa tena. Bosi ni yuleyule. Ni nani?"

Babu akatazama mikono yake.

"Kifungo," alisema mwishowe. "Na bosi ni mimi."

"Kwa nini, Baba?" binti aliuliza.

"Nikishona, mjukuu wangu anasimama hapa mbele yangu dakika tano. Ananisimulia habari za shule. Nikikata uzi tu, anaondoka."

Binti yake akaketi. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, aliketi.

"Akili anazo," alisema Mama Daftari. "Watu ndio anakosa. Hata hivyo, mpeleke kituo cha afya wampime macho, masikio na presha. Mzee akisahau sana, msikisie tu nyumbani. Lakini upweke nao ni mzigo kwa mwili. Unaondoa usingizi na hamu ya kula. Ukidumu, unaweza kuchangia ugonjwa wa moyo, na kumbukumbu kudhoofika. Miguu isiyotembea nayo inaisha nguvu."

"Nifanye nini?"

"Wazee wa mtaa wanakutana kwenye ukumbi pale nyuma, Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Wananyoosha viungo, wanacheza drafti, wanasomeana magazeti. Mpeleke."

Jumanne binti alimfikisha Babu mlangoni mwa ukumbi, akakimbilia kazini. Haikupita nusu saa, Babu alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

"Wanarushiana mpira," alisema jioni. "Mimi mtoto wa chekechea?"

Binti akashuka tena kwa Mama Daftari. "Hataki. Basi, kaka aje tu."

"Ulimuuliza anapenda nini?"

"Sikumuuliza."

"Uliingia naye ndani?"

"Nilimwacha mlangoni."

"Hee! Mtoto wa darasa la kwanza tunamfikisha mpaka kwenye dawati. Mzee umwache mlangoni, kwa watu asiowajua?"

Ijumaa binti aliomba ruhusa kazini. Mama Daftari naye alikuja na mto wa kiti wa pale ukumbini. Babu akaugeuza huku na huku.

"Nani kashona huu?"

"Dereva wa basi mstaafu. Tunamwita Breki."

"Kashona kwa miguu?"

Babu akavaa viatu mwenyewe. Walishuka watatu, na safari hii wote waliingia ndani.

"Wewe ndiye Breki?" aliuliza Babu, ameinua mto juu.

"Ndimi. Una neno?"

"Ninalo. Uzi huu unayumba kama mlevi anarudi nyumbani."

"Mzee mwenzangu, mimi nimeendesha basi. Kona nimezizoea!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Babu naye akacheka mpaka akafuta machozi. Binti yake hakuwahi kusikia kicheko kile tangu mama yake afariki.

Siku hizi Babu anawafundisha wenzake kushona. Wanatengeneza sare za watoto wa mtaa zilizochanika. Breki anamfundisha drafti, na anamwibia wazi wazi. Kituo cha afya kilimpa miwani. Usiku analala. Nyumbani maua yamehamia dirishani, na cherehani inafanya kazi. Mjukuu anashika kitambaa upande wa pili, anasimulia habari za shule, na hakuna anayemharakisha.

Binti alimpigia kaka yake simu tena. "Usije kumchukua. Njoo umsalimie. Ila usije Jumanne wala Ijumaa, hutamkuta."

Ijumaa moja asubuhi, kifungo cha blauzi ya binti kilidondoka chenyewe.

"Baba, nishonee upesi, nachelewa!"

Babu alikuwa tayari mlangoni, kofia kichwani, kopo la sindano mkononi.

"Hicho sikukikata mimi."

"Najua, Baba."

"Basi kiweke mezani. Nitashona jioni. Breki yuko chini ananisubiri."

Mlango ukafungwa. Viatu vikashuka ngazi taratibu, ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza. Binti yake akabaki katikati ya sebule, ameshika blauzi kifuani, anacheka peke yake, anatafuta pini.