Hela ya Kuku Haichezewi Karata

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Mama Mayai huingia bandani na ndoo mbili. Ana kuku mia mbili wa mayai. Jina hilo alipewa na wateja wake, naye hakulikataa. Mayai ndiyo yaliyoezeka nyumba yake, na mayai ndiyo yanayosomesha watoto wake wawili.

Siku njema huokota trei sita. Asubuhi hiyo aliokota trei mbili na nusu. Tena mengine yalikuwa na ganda laini, ukiligusa linabonyea. Mwezi mzima yalikuwa yakipungua, naye alidhani ni ugonjwa.

Akainama, akachota chakula cha kuku kiganjani, akakipuliza. Chote kikapeperuka. Pumba tupu!

Mumewe ni seremala. Kila Jumamosi yeye ndiye hupewa hela akanunue chakula cha kuku. Wenzake kazini humwita Bingwa, kwa sababu siku moja alishinda mchezo wa karata wa poka kwenye simu. Alishinda siku hiyo moja, basi. Jina likabaki, hela ikaenda zake.

"Bingwa! Hebu njoo hapa!"

Akaja, simu mkononi.

"Hiki ni nini?"

"Chakula cha kuku."

"Miaka tisa nafuga kuku, leo unifundishe kwamba pumba ni chakula?"

"Nimechanganya kidogo tu, mke wangu. Nilidhani kuku hawatajua."

"Loh! Kuku wamejua siku ya kwanza. Mjinga nilikuwa mimi! Hela iko wapi?"

Bingwa akatazama chini. "Nimeliwa kwenye poka. Jumamosi nne. Lakini nilikuwa karibu kuirudisha yote. Nipe ya wiki hii tu, utaona."

"Nikupe nini? Jumatatu shule inataka trei thelathini. Mpishi wao ameshaniambia, nikipunguza tena anatafuta mfugaji mwingine. Tukiikosa shule, tumekwisha! Na wewe unataka uongezewe?"

Juu ya ngazi, mle mle bandani, alikuwapo jirani yao, mama wa makamo. Huyo ni fundi umeme, na alikuwa anabadilisha taa ya kuku. Alikuwa amesikia kila neno. Akashuka taratibu, akafuta mikono.

"Shemeji, samahani naingilia," alisema. "Mimi poka nacheza mwaka wa sita."

Mama Mayai akamgeukia. "Kumbe na wewe! Nimezungukwa!"

"Nakasirika pamoja nawe, jirani. Alichofanya ni wizi wa nyumbani. Ila nataka kumuuliza jambo moja. Shemeji, fungu lako la mchezo ni kiasi gani?"

"Fungu gani?"

"Hela uliyoitenga ya kuchezea. Hela ambayo ikiliwa yote leo, watoto wanakula, kuku wanakula, kodi inalipwa."

"Sina fungu. Nachukua iliyopo."

"Basi huchezi, unaunguza nyumba. Mimi nikifunga umeme naweka fyuzi. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika. Unakaa gizani, lakini nyumba haiungui. Mchezo wako hauna fyuzi."

Bingwa akajitetea. "Lakini mimi najua kucheza. Ni bahati tu imenikataa."

"Hata anayejua hupigwa mara kumi mfululizo. Ndiyo maana fungu halitupwi lote kwenye meza moja. Mimi natenga elfu ishirini kwa mwezi, kutoka faida yangu. Naigawa mara hamsini. Siketi meza inayotaka zaidi ya mia nne. Fungu likipungua nusu, nashuka meza ya bei rahisi zaidi. Likiisha, nafunga simu mpaka mwezi ujao. Sikopi, wala sikimbilii kurudisha nilicholiwa."

"Na kwa njia hiyo unashinda?"

Fundi umeme akacheka. "Miezi mingi naliwa, kama wengi wetu. Fungu halikufanyi ushinde. Linakuzuia usifilisike. Kama unataka mchezo wa kukulisha, rudi kwenye randa na msumeno. Na ukiona huwezi kuacha hata fungu likiisha, futa kabisa mchezo huo, na uombe msaada. Wala si aibu."

"Aibu ni pumba!" alifoka Mama Mayai.

Siku hiyo hiyo Bingwa aliuza meza aliyokuwa amejitengenezea mwenyewe, ya mninga, aliyoipenda sana. Hela yote akamkabidhi mkewe, wakanunua chakula halisi na chokaa ya kuimarisha maganda. Mama Mayai akaenda kwa mpishi wa shule kumweleza ukweli, bila kumficha kitu. Mpishi alimsema mpaka akachoka, kisha akampa wiki tatu za kujirekebisha.

Kwenye simu, Bingwa aliweka kikomo cha hela anayoweza kuingiza kwa mwezi. Fundi umeme alisimama pembeni akimwangalia mpaka akamaliza. Fungu likawa elfu kumi, kutoka ujira wake wa useremala, si kutoka kwa kuku.

Wiki ya tatu mayai yalirudi trei tano na nusu kwa siku. Maganda yalikuwa magumu. Shule ikapata trei zake thelathini.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, fungu la Bingwa liliisha tarehe kumi na moja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, simu ameizima.

"Limeisha," alisema.

"Pole."

"Sijaomba nyongeza. Miezi mitatu sijagusa hela ya kuku. Hata kunisifu, mke wangu?"

"Nikusifu kwa kuacha kutuibia?"

Bingwa akaitia simu mfukoni. "Kweli," alisema. "Hapo hakuna sifa."

Ilikuwa Jumamosi. Mama Mayai akachukua pochi, akaifunga zipu, akaibana kwapani.

"Inuka twende dukani," alisema. "Mimi nalipa, wewe unabeba. Siku ya kukupa hela mkononi nitaijua mwenyewe."

Bingwa akainuka. Gunia lilikuwa kilo sabini, na duka lilikuwa mbali. Alilibeba mpaka nyumbani bila kulitua.