Vema za Ghati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ghati alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akafungua daftari lake la kovu na kuweka alama mbili za vema. Kisanduku cha kwanza kilisema: Nimevaa kitambaa. Cha pili: Nimenyoosha mkono mara ishirini.

Vyote viwili vilikuwa uongo.

Maji ya ugali yalikuwa yamemuunguza kiwiko. Kidonda kilipofunga, Nesi Adventina, aliyekuwa akitafiti makovu ya moto, alianza kuja Nyamuswa kila mwezi kutoka Musoma. Aliwapa watoto walioungua kitambaa cha kubana kovu lisivimbe, zoezi la kunyoosha kiungo, na daftari la kuweka vema kila siku.

Ghati alivaa siku nne tu. Siku ya tano Fredy alipaza sauti darasani, "Jamani, Ghati kavaa soksi mkononi! Mguu wake umepotelea wapi?" Tangu hapo kitambaa kililala chini ya godoro. Zoezi nalo liliuma, akaliacha.

Sasa kovu lilikuwa gumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Mkono ulijikunja, haukufika tena kwenye kamba ya nguo. Angesema nini, na daftari limejaa vema za mwezi mzima?

Siku ya vipimo, Nesi alitazama rangi ya kovu, akalibonyeza, akaweka kipimapembe kiwikoni.

"Nyuzi mia na ishirini. Ilikuwa mia na arobaini! Mkono unazidi kujikunja. Unavaa kila siku?"

"Ndiyo, Nesi."

"Unanyoosha?"

"Ndiyo."

Nesi akashusha pumzi. "Basi nitaandika kwamba kitambaa hakisaidii viwiko. Huenda tukaacha kuwapa watoto."

Boke wa darasa la pili, aliyeungua kiwiko pia na alikuwa akisubiri zamu yake, akaukumbatia mkono wake. "Na mimi mtanivua? Mbona wangu unanyookaga!"

Ghati alitazama mlango. Mama yake alikuwa amekaa hapo hapo. Hapakuwa na pa kupita.

"Nesi, asivuliwe," alisema akilia. "Mimi nilikuwa nawekaga vema tu. Kitambaa kiko chini ya godoro."

"Ghati!" Mama akasimama. "Si nilikuwa nakuulizaga kila siku?"

Nesi alizipiga mstari kurasa zote za uongo. "Tunaanza leo. Itauma kuliko mwanzo, na mkono unaweza usirudi wote."

Iliuma kweli. Siku alizoshindwa, Ghati aliacha kisanduku kitupu. Fredy alipouliza tena kuhusu mguu, alimjibu, "Sogea nikuonyeshe ulipo." Darasa zima likamcheka Fredy.

Baada ya miezi minne kipimapembe kilisoma mia na sitini. Nesi alifunua daftari, akagusa visanduku saba vitupu.

"Hivi ndivyo vilivyonisaidia kukutibu," alisema. "Anayetaka kupona, mwanangu, humwambia mtabibu ukweli, hata ule unaomwaibisha yeye mwenyewe. Ukinidanganya, nitatibu daftari, si mkono."

Jioni hiyo Ghati alifua sare yake. Akainua mikono yote miwili hadi kwenye kamba, akaianika sare mwenyewe.