Msifungane kwa Kitenge

"Hodi!"

Agnesi alishtuka. Alfajiri hiyo ukungu ulikuwa umeumeza uwanja mzima. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, kiatu kimoja tu mguuni.

"Karibu. Kiatu kingine kiko wapi?"

"Kilivuliwa na umati jana, darajani. Sikuinama kukiokota." Aliitwa Hellena, muuguzi kutoka Kasanga. Alikuwa akienda hija kwa miguu. "Naomba maji tu, dada."

Agnesi alimpa uji wa ulezi. Yeye na mama yake, Bertilla, walikuwa wakijiandaa kwa hija hiyohiyo. Agnesi alibeba mshumaa wa marehemu mwanawe, auwashe chini ya msalaba wa kituo cha hija kabla ya misa. Sasa alichukua kitenge, akakifunga kiunoni mwa mama na kiunoni mwake.

"Shikamoo, mama," Hellena alisema. "Mbona umefungwa kama mbuzi wa mnadani?"

"Marahaba. Heri mbuzi kuliko kupotea!" Bertilla alicheka.

Hellena hakucheka. "Mwaka jana niliwainua wawili waliofungana hivyo. Mmoja alianguka, akamvuta mwenzake. Ni mmoja tu aliyeamka."

Agnesi akafungua fundo.

"Chagueni mahali pa kungojana," Hellena aliendelea. "Mkibanwa, msishindane na umati. Kunjeni mikono mbele ya kifua, mpate kupumua. Watu wakilegea kidogo, sogeeni pembeni."

"Basi tungojane kwenye tangi la maji, pale langoni," Bertilla alisema. "Utaningoja?"

"Nitakungoja, mama. Hata misa ikianza."

Hellena akatangulia. Njiani, nyimbo zilitoka ndani ya ukungu bila waimbaji kuonekana. Karibu na lango njia ilikuwa nyembamba. Ghafla nyimbo zikakatika. Watu wote wale, na hakuna sauti ila pumzi. Agnesi alihisi miguu yake ikiinuliwa. Mkono wa mama ukateleza, ukatoweka.

"Mama!"

Aliona ukungu tu.

Alitaka kurudi nyuma. Akakumbuka. Akakunja mikono, akasogea pembeni kidogo kidogo, mpaka bega lake likagusa tangi la baridi.

Kengele ya misa ikalia.

"Dada mwenye mshumaa, ingia! Tunafunga!" mlinzi aliita.

Msalaba ulikuwa hatua chache tu ndani ya lango. Agnesi aliubana mshumaa kifuani.

"Funga tu, kaka. Namngoja mtu."

Lango likafungwa. Vivuli vilipita, kimoja kimoja, na hakuna kilichokuwa mama. Kisha kimoja kikasimama mbele yake, kilemba kimepotea, mikono bado imekunjwa kifuani.

"Bado hujawasha?" Bertilla alinong'ona.

"Bado, mama. Nilikuwa nakungoja."