Flopi ya Mwalimu Badru

Stendi ilifurika siku hiyo, na Nasra alikuwa akichagua machungwa ya Muheza kwa hasira, maana muuzaji alikuwa amemfichia mabovu chini ya fungu. Mara mwanamume mrefu, suruali yake ya kaki imenyooshwa pasi barabara, amekumbatia kompyuta iliyofungwa shuka, akasimama mbele yake.

"Samahani dada, duka la Esmailji ni lipi? Namtafuta fundi wake wa kompyuta. Naambiwa bwana huyo ni hodari sana."

"Bwana gani?"

"Huyo fundi."

"Fundi ni mimi."

Mwanamume akacheka. Alicheka hadi shuka likaanza kufunguka! Nasra alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akakusanya machungwa yake, akaondoka. Barabara ya Saba nzima alifuatwa na "Dada, nisamehe, sikukusudia," na walipofika dukani alikwisha kujua kwamba mtu huyo anaitwa Badru, ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Pongwe, na ana meno mazuri. Hilo la meno lilimuudhi zaidi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya shule, moja tu, mtumba. Mfumo wake wa kuiendesha ulijaa virusi, lakini haukuweza kufutwa, kwa kuwa humo ndimo zilimokaa alama za miaka miwili za kidato cha nne, zilizotakiwa kwa mtihani wa taifa. Badru alikuwa na sidii ya mfumo mwingine, wa bure, akitaka mifumo yote miwili ikae pamoja.

"Tutaigawa diski," Nasra akamweleza. "Wa zamani ubaki upande wake, mpya upande wa pili. Ukiwasha mashine, itakuuliza unaingia upi."

"Kama mwenye wake wawili."

"Thubutu!" Lakini alicheka, akajichukia kwa kucheka.

Kuna kifaa cha kuongeza kumbukumbu ya mashine kilichoagizwa Dar, kikachukua majuma mawili. Kila adhuhuri simu ya duka ililia.

"Halo, naomba fundi."

"Fundi yupi?"

"Yule anayenuna."

"Hayupo. Ametoka kidogo, kaenda kununa."

"Basi mwambie kuna mwalimu hali, halali."

"Mwalimu huyo ana minyoo, aende hospitali!"

Jumamosi walitembea ufukweni Raskazone wakila mihogo ya kukaanga, Nasra katika baibui jipya na viatu vyekundu alivyovivaa makusudi. Juma la pili Badru alikuwa anamwita "roho yangu", naye anaitika.

Kifaa kikafika. Kabla ya kugusa kitu, Nasra aliuliza, "Umenakili faili zote?"

"Nimenakili. Flopi hii hapa."

"Zote, Badru?"

"Zote."

"Umeme wetu unaujua. Ukikatika katikati ya kazi, diski imekwenda. Umenakili?"

"Nimenakili, roho yangu!"

Nasra aliiweka flopi, kidiski cha plastiki cha kunakilia, mezani bila kuifungua kwenye mashine, akaanza kuigawa diski. Umeme, ambao kwa ratiba ya mgao ulipaswa kukatwa jioni, ukakatika saa tano asubuhi. Uliporudi, diski haikuwa na upande wa zamani wala mpya. Badru akachomeka flopi. Majina ya faili zote yalionekana, ila hakuna hata moja iliyofunguka. Akatoka mbio bila kuaga.

Kesho yake alirudi nyuma ya mwalimu mkuu wake, Mzee Mwinyijuma.

"Shikamoo, mwalimu," Nasra alisema.

Mzee hakuitikia. "Esmailji, mashine ya serikali unampa msichana achezee? Mtu huyu aondoke hapa, la sivyo shule zote za Tanga zitajua!"

"Sema, Badru," Nasra alisema. Wateja wote waligeuka. "Nilikuuliza mara ngapi?"

Badru aliangalia viatu vyake. "Mimi nilimpa ikiwa nzima," akamwambia mkuu wake.

Nasra alimkazia macho. Mtu yule yule wa mihogo! Walipoondoka, Esmailji alivua miwani. "Binti, nakupa mpaka Ijumaa. Bila maelezo, mimi nitakutetea kwa lipi?"

Nasra akaifungua ile flopi. Faili kumi na mbili, zote ndogo kupita kiasi. Akapiga simu shuleni.

"Badru, ulichonakili ni njia za mkato tu, vibao vya mlangoni. Nyumba zenyewe uliziacha ndani ya diski."

Badru akajibu kwa sauti ndogo: "Nilijua jana, nilipoona hazifunguki. Lakini nikimwambia mkuu, nitafukuzwa mimi."

"Kwa hiyo nifukuzwe mimi? Hebu nisikilize vizuri. Kosa langu ni moja tu: sikuifungua flopi kwa mkono wangu. Na sikuifungua kwa sababu nakupenda. Mjinga mimi!" Akaibamiza simu hadi Esmailji akaruka.

Ijumaa asubuhi duka lilikuwa limejaa. Badru aliingia na gunia begani, shati halijapigwa pasi, suruali ina vumbi hadi magotini. Akamkabidhi Esmailji karatasi, akamwomba aisome kwa sauti.

"Kwa Mwalimu Mkuu," Esmailji alisoma. "Aliyepoteza alama ni mimi. Fundi aliniuliza mara tatu. Nilipoligundua kosa langu nikanyamaza, akatukanwa yeye. Nakala: Bwana Esmailji. Nakala: Bi Nasra, Fundi wa Kompyuta."

"Mkuu ameipata?" Nasra aliuliza.

"Tangu jana. Ameninyang'anya cheo cha mwalimu wa taaluma." Badru alilitua gunia. "Haya ni madaftari ya majaribio. Nimepita nyumba kwa nyumba, Pongwe nzima. Alama zote zimo."

"Na atazijaza nani? Mimi si karani wako!"

"Mimi mwenyewe. Naomba kiti tu."

Alichapa kwa vidole viwili kwenye mashine ya duka hadi adhuhuri, Nasra amesimama nyuma yake akimsahihisha kwa ukali ambao haukuwa wa lazima. Alipomaliza, akanakili. Nasra akaichukua flopi, akaichomeka kwenye mashine nyingine, akafungua faili ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Zote zilifunguka.

"Nasra," Badru akasema polepole, "nikileta barua ya posa kwa ami yako aliyekulea, ataipokea?"

Nasra aliitoa flopi, akaitia mfukoni mwa shati lake mwalimu, akaubana mfuko kwa kiganja.

"Ilete. Lakini kabla haijamfikia ami, naifungua mimi."