Sindano Iliyorudi Juu

Haya yalimpata rafiki yangu Ghislaine hapa Aubusson, Ufaransa, yule aliyenifulia nepi za mwanangu nilipougua.

Jioni moja ya theluji alirudi kwenye karakana ya mazulia anakofanya kazi, kuchukua skafu aliyoisahau. Zulia la ukutani la Bibi Bertille, aliyemfundisha kushona na aliyezoea kukata uzi kwa meno, lilikuwa bado kwenye fremu, limebakiza petali chache za waridi moja. Bibi tulikuwa tumemzika juzi, na bosi alikuwa ameapa kulikata asubuhi, liwe mito ya viti.

“Niachie nilimalize,” Ghislaine alikuwa amemwomba.

“Kazi ya marehemu haishikwi, binti. Ina mkosi.”

“Mkosi ni huo mkasi wako, bosi!”

Basi jioni hiyo akavua koti, akakaa kushona. Mara umeme ukakatika. Akaendelea kwa kupapasa, mkono mmoja juu ya kitambaa, mwingine chini kuipokea sindano. Tup, inatoboa. Fyuu, uzi unapita. Ghafla sindano ikarudi juu kabla hajaigusa.

Akautoa mkono wa chini, akauweka mapajani. Akachoma tena. Kule chini kitu kikavuta uzi taratibu, kisha sindano ikachomoza pale pale ilipotakiwa.

“Sitoki!” akasema. “Kama ni wewe, Bibi, tumalize. Kama si wewe, shona au nenda zako!”

Halafu, kutoka chini: tup.

Umeme uliporudi, waridi lilikuwa limekamilika. Akainama kuchungulia chini ya fremu. Hapakuwa na mtu. Uzi wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa meno, na ncha yake bado imelowa mate.